Meza na Imani (Sehemu ya Tatu): Kula Kikoa

Juzi gazeti hili liliandika juu ya wanafunzi wa vyuo wanaoshinda na chai ya mkandaa. Nami najua kuwa chumba cha pili pana mwenzao wa chama kilekile cha Wakristo, na unga anao sandukuni. Nitarudi huko. Kwanza niwatoe Kiungani, ile shule ya misheni huko Zanzibar, tulipoachana.

Wavulana watano wa kwanza wa shule hiyo, waliookolewa kwenye jahazi la watumwa, Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer mwaka 1864. Baadaye shule ikawakusanya Wayao, Wamakua na Wanyasa waliokuwa hawajui hata salamu za wenzao. Pwani lipo neno la meza ya namna hiyo, nami nalipenda tangu ujanani: kikoa. Kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu.

Nilipofundisha Mkokoni, ng'ambo ya Kiwayu, Mkristo barazani nilikuwa mimi tu. Sinia likishuka hakuna aliyeniuliza dini. "Nawa, mwalimu," basi, na mnofu wa samaki unasukumwa upande wangu.

Sasa tazameni maaskofu wa Kianglikana. Juni 1913, huko Kikuyu, Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, Wamethodisti nao wakashiriki. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, akawaka. Alitaka Peel na Willis wa Uganda washtakiwe kwa uzushi, na ugomvi ukafika Uingereza, mezani kwa Askofu Mkuu Davidson. Weston simdharau, mwaka 1920 aliwatetea Waafrika waliokuwa wakifanyishwa kazi kwa shuruti. Lakini mtu huyu alikuwa mkuu wa Kiungani kabla ya uaskofu! Miaka yote ile kati ya vijana wa makabila chungu nzima, kisha anahesabu nani ale na nani?

Paulo alipowakaripia Wakorintho juu ya karamu yao, kosa lilikuwa tumboni: wenye nacho walitangulia kula, maskini wakitazama. Vijana wetu wa vyuoni neno "ushirika" hawaliachi mdomoni kila Ijumaa, kisha kila mmoja na kopo lake.

Nafasi imeniishia, kwa hiyo niseme kwa ufupi. Sufuria moja. Jumatatu unga wa chumba hiki, Jumanne maharagwe ya kile. Na yule wa chai ya mkandaa asiitwe mgeni, apewe zamu yake ya kuteka maji na kuosha vyombo.