Beki Kisiki: Aongezewe Mkataba au Aende Zake?

Januari 2012, jijini Ottawa, Kanada, mastaa wa ligi ya hoki ya barafuni ya NHL wanaonyeshana ufundi. Zdeno Chara anajivuta nyuma, anateleza kwa kasi, gongo linapanda juu ya bega na kushuka. Kile kisahani cheusi wanachochezea kinaingia wavuni kwa maili 108.8 kwa saa, yaani kama kilomita 175. Hakuna shuti kali kuliko hilo lililokuwa limewahi kupimwa kwenye shindano hilo, na rekodi iliyovunjwa ilikuwa yake mwenyewe ya mwaka uliotangulia. Kama wewe ni shabiki wa Ottawa, lilikupata mahali pabaya. Huyu alikuwa beki wenu, na mlimwacha aende.

Kiangazi cha 2006 mikataba ya mabeki wawili wa Ottawa iliisha kwa mpigo: Chara na Wade Redden. Ligi ilikuwa imetoka tu kuweka kikomo cha mishahara, hivyo kuwabakiza wote wawili ikawa ngumu. Redden alikuwa fundi wa pasi, mpole wa miguu. Chara alikuwa jitu la mita 2.06, na hakuna aliyewahi kumpita urefu katika historia ya NHL. Ligi ilibidi imruhusu gongo refu kuliko kipimo cha kawaida, la sivyo angecheza ameinama kama anayepalilia. Ottawa ikamchagua fundi. Boston ikamchukua jitu kwa miaka mitano na dola milioni 37.5, ikampa unahodha, na mwaka 2011 akanyanyua Kombe la Stanley, taji la NHL. Tuwatendee haki Ottawa: na Redden wao walifika fainali ya 2007. Wakafungwa na Anaheim, timu iliyokuwa na Chris Pronger, beki mwingine wa kutisha.

Sasa tuulizane, beki wa namna hii analipwa kwa kazi gani hasa? Angalia pembe ya uwanja. Mshambuliaji anakimbilia kisahani kilichoegemea ukuta, anajua yupo mtu nyuma yake, na sekunde moja kabla ya kufika anageuza shingo. Huko kugeuza shingo ndiko kunakonunuliwa. Anatoa pasi mapema, ovyo, au anakiacha kisahani kabisa. Hakuna karani anayeandika hilo popote.

Kinachoandikwa ni vikumbo. Msimu wa 2023-24 Jeremy Lauzon, wakati huo beki wa Nashville, aliweka rekodi ya vikumbo vingi katika msimu mmoja, ambayo imeshavunjwa: vikumbo 383, karibu vitano kila mechi. Namba inavutia, ila mimi huwa naitilia shaka kidogo. Unayemvaa mwili ndiye mwenye kisahani, au ametoka kukiachia sasa hivi. Kwa hiyo anayepiga vikumbo vingi sana ni mtu ambaye timu yake muda mwingi inakimbiza kisahani.

Na ukitaka kuona vitisho vitupu vinafikia wapi, mtazame beki Randy Holt. Machi 11, 1979, akiwa Los Angeles dhidi ya Philadelphia, alipewa dakika 67 za adhabu katika mechi ya dakika 60. Usidhani mwandishi kakosea hesabu: kosa dogo moja, makubwa matatu, na juu yake rundo la adhabu za utovu wa nidhamu, yote katika kipindi cha kwanza. Rekodi hiyo haijavunjwa. Lakini Holt alimaliza mechi 395 za NHL akiwa na mabao manne, akizunguka kutoka klabu hadi klabu. Waliomwogopa walikuwa wengi, ila wa kumng'ang'ania hakupatikana.

Scott Stevens, naye beki, alikuwa kinyume chake. Mwaka 1990 St. Louis ilimnyakua kutoka Washington, ikatoa fidia ya nafasi tano za kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza. Mwaka uliofuata msuluhishi akamhamishia New Jersey kama fidia ya mchezaji mwingine ambaye St. Louis ilimchukua huko, naye hakutaka kabisa kwenda. Mwaka 1994 St. Louis ikarudi na dau nono kumtaka tena. New Jersey ikalifikia dau hilo, ikabaki naye, na makombe matatu yakafuata: 1995, 2000 na 2003. Misimu 22, na hakuna hata mmoja ambao timu yake ilifungwa zaidi ya ilivyofunga yeye akiwa uwanjani, kwa jinsi ligi inavyohesabu. Kikumbo chake kwa Eric Lindros, mshambuliaji wa Philadelphia, Mei 2000, wapo wanaokisifu hadi leo. Mimi nilikitazama mara moja, sirudii: Lindros anavuka mstari wa bluu ameinamisha kichwa, bega linamkuta. Wakati ule sheria ilikiruhusu.

Msimamo wangu, basi: aongezewe, lakini mwaka hadi mwaka. Philadelphia ilimpa Pronger mkataba wa miaka saba, ambao ungeanza akiwa anakaribia miaka 36. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Novemba 2011. Mkataba ukaendelea kuishi bila yeye. Mwaka 2015 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa hoki huku kwenye makaratasi akiwa mchezaji wa Arizona, timu ambayo hakuwahi kuichezea. Arizona ilimtaka kwa sababu tarakimu ya mshahara wake iliisaidia kufikia kima cha chini cha mishahara ambacho ligi inadai. Na kazi aliyokuwa akiifanya wakati huo? Alikuwa kwenye idara ya ligi inayowafungia wachezaji watukutu, yeye aliyefungiwa mara nane.

Boston mwishowe walipita njia hiyo ya mwaka hadi mwaka. Chara alipozeeka walimpa mwaka mmoja mmoja: dola milioni tano, kisha mbili. Alipofika miaka 43 wakataka vijana wapate dakika zake, naye akaenda Washington kwa dola 795,000, halafu New York Islanders, akafikisha mechi 1,680, nyingi kuliko beki yeyote. Mtu huyu anazungumza lugha saba, na mwaka 2008 alipanda Kilimanjaro (Kiswahili hakimo katika hizo saba, bado ana muda). Septemba 2022 Boston ilimwita asaini tena. Mkataba ulikuwa wa siku moja, ili astaafu akiwa wao.