Dohani, Meko na Chokaa: Istilahi Zinazohitaji Uangalifu

Mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha uashi kuhusu ukarabati wa dohani hukutana na maneno matatu ambayo yakikosewa, huharibika nyumba pamoja na lugha. Nasi dohani tunazo: nyumba za zamani za nyanda za baridi, kama Lushoto na Limuru, zilijengwa nazo.

Neno dohani lenyewe halina matatizo makubwa. Asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni moshi, na watu wa pwani wamelitumia kwa meli pia, hata kwa tenga refu la matunda. Tunapendekeza libaki kuwa jina la mnara mzima, na uwazi wa ndani uitwe njia ya moshi.

Tofali ni gumu zaidi. Tofali la kuchoma, kwa kila msemaji, ni lile lililochomwa tanurini. Lakini yako mengine, yaliyofinyangwa kwa udongo maalumu ili yastahimili joto kali, nayo hujengewa ndani ya meko. Tafsiri ya haraka huyaita yote matofali ya kuchoma. Mwashi akiifuata, huweka tofali la kawaida penye ndimi za moto. Likipasuka, joto hupata njia ya kufikia mbao za nyumba. Hivyo na tuseme tofali la kuhimili moto. Urefu wa istilahi si kasoro hapa.

Kosa lililoenea kuliko yote ni kuandika saruji kila kinapotajwa kitu kiunganishacho matofali. Saruji ni kiambato kimoja tu. Kuta nyingi za kale ziliungwa kwa chokaa na mchanga, mchanganyiko laini upitishao unyevu. Kiungo kikijazwa saruji kali huwa kigumu kuliko tofali. Unyevu hukosa pa kutokea, na uso wa tofali ndio unaobanduka. Tena, salfa iliyomo katika moshi wa makaa ya mawe, ikikutana na unyevu, hushambulia saruji ikavimba, na mnara ukaanza kuinama.

Waashi husema udongo hata pasipo na udongo wowote. Ni neno hai, lakini katika meko, ambako udongo halisi hutumika, litapotosha. Mota nalo limekwisha kutwaliwa na mitambo. Tunaona afadhali mchanganyiko wa kuungia, kisha utajwe ni wa chokaa, wa saruji, au wa kuhimili moto.

Kwa kazi yenyewe twapendekeza kujaliza viungo: kukwangua kwa tindo mchanganyiko uliooza hadi kina kisichopungua mara 2 ya upana wa kiungo, kufuta vumbi, kulowesha, kisha kushindilia mpya kwa matabaka. Mtumishi anayeandika zabuni asiishie kwenye neno "kukarabati"; aandike pia vipimo, kwa mfano sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga.