Je, wajua gitaa lililojengwa Jeddah linaweza kupasuka likifika Riyadh?

Aliyekulia pwani amewaona wapiga ngoma wakizipasha ngoma zao kwenye moto wa makuti kabla ya kuingia uwanjani. Ngozi imekunywa unyevu wa usiku, imelegea, sauti imefifia. Joto la moto huikaza tena. Ubao wa gitaa nao hunywa unyevu vilevile, ila wenyewe haupashwi motoni. Ukivuta unyevu unavimba, ukikauka unasinyaa, na ukikauka kupita kiasi hupasuka kwa mlio mkali, hata kama gitaa limelala ndani ya sanduku lake.

Kwa anayetaka kufungua karakana ndogo ya magitaa nyumbani kwake nchini Saudi Arabia, hilo ndilo somo la kwanza. Jeddah iko ufukweni mwa Bahari ya Shamu. Riyadh iko katikati ya jangwa, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, umbali wa kilomita 950 hivi kwa barabara. Usiku wa kiangazi Jeddah hewa ni nzito, nguo uliyoanika jioni unaikuta mbichi asubuhi, na kipimo cha unyevu hupanda hadi asilimia 75 na zaidi. Riyadh mchana wa Juni au Julai kipimo hichohicho mara nyingi hushuka chini ya asilimia 15. Midomo inakauka, taulo linakauka, na ubao unakauka.

Tufanye hesabu. Uso wa gitaa, yaani ubao wa mbele wenye tundu la sauti, mara nyingi hutengenezwa kwa sprusi, mti wa nchi za baridi wa jamii ya msonobari. Mahali palipo papana zaidi una upana wa milimita 400 hivi, na unene usiozidi milimita 3. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 75, ubao huo hutulia ukiwa na maji kama asilimia 14 ya uzito wake mkavu. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 15 au zaidi kidogo, maji hayo hushuka hadi asilimia 4. Kwa kila asilimia moja inayopotea, sprusi iliyopasuliwa vizuri husinyaa takriban asilimia 0.15 ya upana wake. Zidisha kwa kumi, kisha kwa milimita 400: unapata milimita 6, karibu unene wa penseli.

Penseli nzima! Na ubao huo haukuachwa huru. Umegundishwa ubavuni pande zote, na kwa ndani umegundishwa mataruma, vijiti vya kuutia nguvu kama mataruma ya jahazi. Mataruma hayo yamekatiza nyuzi za mbao za uso, na mti haupungui kwa urefu kama unavyopungua kwa upana. Uso unataka kusinyaa, mataruma yanakataa. Mmoja lazima ashindwe, na anayeshindwa ni yule mwembamba.

Mtu atauliza: kwa nini basi usifanywe mnene? Hapo ndipo siri ya gitaa ilipo. Uzi peke yake ni mwembamba mno kuisukuma hewa. Ni uso wa gitaa unaotikisika pamoja nao na kuipiga hewa, huku hewa iliyo ndani ya tumbo ikivuma kama chupa inayopulizwa mdomoni, kwa mitikisiko 100 hivi kwa sekunde. Ubao mnene hauchezi na uzi. Mwaka 1862 fundi Mhispania Antonio de Torres alijenga gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi zilizogandishwa kwa gundi, uso peke yake ukiwa wa mbao nzuri, ili kuonyesha kwamba sauti inatoka usoni. Na uso huohuo mwembamba, kwenye gitaa la nyuzi za chuma, hubeba mvuto wa kilo 70 au zaidi, kama uzito wa mtu mzima, mchana na usiku.

Kwa hiyo kabla ya randa, patasi na misumeno, nunua kipima unyevu. Kisha usikiamini mpaka ukijaribu. Chukua kizibo cha chupa, kijaze chumvi ya jikoni, idondoshee maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, lakini isiogelee. Weka kizibo na kipimo ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, ukiache saa nane au zaidi. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hutulia kwenye asilimia 75, iwe Riyadh, Jeddah au Tanga. Kipimo kikisoma 69, basi kila mara ongeza 6. Sijaona jaribio la bei nafuu kuliko hili lenye faida kubwa namna hii.

Chumba chenyewe kiwe kidogo, chenye mlango mmoja, na lengo ni asilimia 40 hadi 45. Jeddah, kiyoyozi hukusaidia bila kuombwa: yale maji yanayodondoka ukutani usiku kucha yametolewa kwenye hewa ya chumba. Bado mashine ya kufyonza unyevu hufaa, maana kiyoyozi kikizimwa kazi inarudi nyuma. Riyadh kinyume chake, unahitaji mashine ya kutoa mvuke. Wengi huko wanacho kipoozeo cha maji, kile kinachoitwa mukayyif sahrawi, kinachopuliza hewa kupitia majani au pedi zilizolowa. Huongeza unyevu, ni kweli, lakini huwezi kukiamuru kiishie 45. Kwa karakana sikipendekezi.

Ukikosea, kosea upande wa ukavu. Gitaa lililogundishwa kwenye asilimia 40 likipelekwa Jeddah litavimba, uso utapanda kidogo, nyuzi zitakuwa juu na vidole vitalalamika, hilo hurekebishika. Lililogundishwa kwenye 70 likipelekwa Riyadh hupasuka. Dalili huanzia shingoni: pitisha kidole pembeni mwa shingo, na kama ncha za freti, vile vijiti vya chuma vinavyoikatiza shingo, zinakukwaruza kama meno ya msumeno, mbao imesinyaa na chuma kimebaki palepale. Hiyo ni taarifa ya mapema.

Mafundi wa zamani wa Jeddah waliujua ugomvi huu wa mti na hewa. Tembea Al-Balad, mji wa kale ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2014, utazame rawashin, yale madirisha ya mbao yanayotokeza nje ya kuta za mawe ya matumbawe. Mengi ni ya msaji ulioletwa kwa vyombo kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na yameungwa kwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kikipata nafasi yake ya kucheza. Udi wa Kiarabu, ambao wapenzi wa taarabu wanaufahamu, nao mgongo wake ni mbavu nyembamba nyingi zilizounganishwa. Jina lenyewe kwa Kiarabu maana yake ni mti.

Neno moja kwa ndugu zetu wanaofanya kazi huko na wanaotamani ubao wa vidole wa mpingo kutoka nyumbani. Chaguo ni zuri sana: mpingo ni mzito hata unazama majini, na hauliki upesi na nyuzi. Lakini tangu Januari 2017 jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mbao ghafi haivuki mpaka bila kibali. Kitafute kibali kabla ya kufunga sanduku la safari.

Mbao ikishafika, usiikate siku hiyo. Ipange chumbani ikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite, uipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki na kuandika uzito wake kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Uzito ukiacha kubadilika, na kipimo kikisoma 45, fungua gundi.