Baridi Hainunuliwi Mara Moja

Chato imekaa kando ya Ziwa Victoria, na wenye hoteli wake hawaendi mbali kupata sangara na sato. Lakini samaki hana subira. Asiyehifadhiwa huanza kuharibika siku ile ile, na mwenye mali hana budi kumwuza kwa hasara au kumtupa. Hivyo twawasifu waliokwisha kujenga vyumba vya baridi. Hata hivyo yatupasa kuwakumbusha kwamba chumba hununuliwa mara moja, bali baridi hulipiwa kila siku, na malipo hayo ya pili ndiyo yamfilisiyo mtu.

Mtambo wa chumba hicho hautengenezi baridi. Kazi yake ni kuteka joto la ndani na kulimwaga nje. Kila joto tuliingizalo kwa uzembe, twalipia umeme wa kulitoa. Mlango ukiachwa wazi, hewa ya ziwani huingia na unyevu wake ukaganda juu ya mabomba, mtambo ukahangaika kutwa bila faida. Mpira wa mlango ukichanika, hasara ni ile ile usiku na mchana. Vumbi likiziba sehemu ya mtambo iliyo nje, joto hukosa pa kutokea. Mchuzi uliotoka motoni upozwe kwanza upesi, sufuria ikiwa ndani ya maji baridi. Tena samaki wa kupikwa kesho atosheka na nyuzi 0 hadi 4. Kumgandisha hadi nyuzi 18 chini ya sifuri ni kupoteza fedha.

Lakini kosa lililo kubwa zaidi ni kila mmoja kutaka chumba chake. Kuta hupitisha joto, chumba kiwe kimejaa au nusu tupu. Wenye hoteli watano wenye vyumba vitano nusu tupu wanalipia baridi ya hewa.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1955 waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, chini ya Paul Bomani, na baadaye wakamiliki vinu vyao wenyewe. Wenye hoteli wa Chato nao waweza kushirikiana chumba kimoja, wakiwa na daftari la kila kilo iingiayo, mshika funguo mmoja aaminikaye, na malipo kwa kadiri ya mzigo. Pasipo daftari, ushirika huo utavunjika kabla ya mtambo kuharibika.