Reli ya Tanga: Ihifadhiwe ilivyokuwa au ivishwe sura mpya?

ABIRIA wa basi litokalo Dar es Salaam kwenda Arusha hupita Korogwe kwa dakika chache tu, akanunua machungwa dirishani na kuendelea na safari yake. Ni nadra akumbuke kuwa hapo kando kuna reli iliyofika mjini humo mwaka 1902, kabla ya Nairobi kuwa mji wa kutajika na kabla tofali la kwanza la Reli ya Kati halijawekwa Dar es Salaam. Reli ya Tanga ndiyo reli kongwe kuliko zote katika Tanzania Bara. Ujenzi wake ulianza mwaka 1893, na leo, baada ya kufa na kufufuka, inakabiliwa na swali ambalo nchi nyingi zimelijibu kwa kuchelewa: je, kitu cha kale chenye kuvutia kiachwe kama kilivyo, au kibomolewe ili kipishe cha kisasa?

Swali hilo si la anasa. Serikali imekuwa na mpango wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia Moshi na Arusha hadi Musoma, kandokando ya Ziwa Victoria. Reli hiyo ikijengwa, upana wake utakuwa milimita 1,435, wakati ile ya Wajerumani ni ya mita moja. Treni ya reli moja haiwezi kupita juu ya nyingine. Kwa hiyo, tofauti na barabara inayopanuliwa huku magari yakiendelea kupita, hapa kuna uamuzi wa kukata: reli ya zamani itabaki sambamba na mpya, au itang'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu.

Ili kuelewa uzito wa uamuzi huo, ni vema kwanza kufahamu kilichopo. Kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka 1891 ndiyo iliyoanza kutandika mataruma kutoka bandari ya Tanga. Ilifika Muheza, umbali wa kilomita 40 hivi, na fedha zikaisha. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na hatimaye Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Kiungo cha Mnyusi hadi Ruvu, kinachoiunganisha na Reli ya Kati, ni kazi ya baada ya Uhuru: kilikamilika mwaka 1963.

Lakini reli hiyo haikuwa peke yake. Ilizaa watoto, na baadhi yao ni wa ajabu kuliko mama. Mmoja ulikuwa Mkumbara, katika Wilaya ya Korogwe. Hapo, yapata mwaka 1910, kampuni ya Bleichert ya Leipzig ilijenga njia ya nyaya iliyoning'inia angani kwa takribani kilomita tisa, kutoka misitu ya Shume juu ya milima ya Usambara hadi stesheni iliyo bondeni. Kazi yake ilikuwa kushusha magogo na mbao za mtarakwa, mti wenye harufu nzuri ambao watumiaji wa kalamu za risasi huko Ulaya waliujua bila kujua unakotoka. Mzigo ulining'inia juu ya majabali na makorongo ambako hata punda angesita kupita.

Mwingine ulielekea Handeni. Wakati wa vita, Wajerumani walitandika reli nyembamba ya matoroli kutoka Mombo hadi Handeni ili kuhamisha shehena zao kabla adui hajazifikia. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yalifika Mombo, kisha Korogwe, na siku chache baadaye yakaingia Handeni yakifuata njia hiyohiyo. Mji wa Handeni leo hauna reli, na vijana wengi wanaosafiri kwa barabara ya lami ya kilomita 65 kati ya miji hiyo miwili hawana habari kwamba matoroli yaliwahi kupita katika nchi ya Wazigua yakiwa yamesheheni risasi na unga.

Hiyo ni hazina. Tatizo ni kwamba kwa macho ya sheria, si hazina hata kidogo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo unafaa kwa magofu ya Kilwa na misikiti ya kale ya Tongoni, kilomita chache kusini mwa Tanga. Haufai kwa reli. Kwa kuwa Reli ya Tanga ilianza miaka 30 baadaye, hakuna stesheni, daraja, tangi la maji wala nyumba ya mkuu wa stesheni hata moja katika njia nzima inayopata ulinzi huo bila ya waziri mwenye dhamana kutoa tangazo rasmi. Maana yake ni kwamba mhandisi anayetaka kubomoa jengo la kale la reli Korogwe au Mombo hahitaji kwanza kuthibitisha kuwa halina thamani. Ni mpenda historia ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa linayo, na mara nyingi husikia habari wakati nyundo imekwisha kuanza kazi.

Wanaotaka mambo ya kale yaachwe yalivyo wana hoja nzuri, na huzitolea mifano ya mbali. Huko Copenhagen, katika bustani ya burudani ya Tivoli iliyofunguliwa mwaka 1843, kuna magari ya kupandia ya mwaka 1914 yanayoteremka kwa kasi juu ya njia ya mbao, na hadi leo mtumishi huketi ndani ya gari akishika breki kwa mkono. Wenye bustani wangeweza kuweka mitambo. Hawakufanya hivyo, kwa sababu yule mshika breki ndiye kivutio chenyewe. Huko New York, gari la namna hiyo liitwalo Cyclone, la mwaka 1927, limetambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Jambo la kujifunza ni kwamba mgeni hulipa nauli ili aone kitu asichoweza kukiona kwao. Chumba cha kungojea chenye viti vya plastiki na vigae vya kung'aa anacho tayari.

Hata hivyo, mifano hiyo ina kasoro moja inaposafirishwa hadi Korogwe. Bustani ya burudani haina kazi nyingine ila burudani. Reli ina abiria. Mama anayepeleka ndizi sokoni na mwanafunzi anayerejea shuleni hawapandi treni ili kutazama historia. Wanataka ifike kwa wakati, choo kisafi, taa usiku, na njia ambayo mlemavu anaweza kupanda bila kubebwa kama gunia. Kuwaambia kuwa stesheni isiguswe kwa sababu watalii wanapenda kuta zilizopasuka ni dharau.

Aidha, ipo hoja nzito zaidi ambayo mara nyingi husemwa kwa sauti ya chini: kwa nini Watanzania watumie fedha kuhifadhi kazi ya mkoloni? Jibu jepesi ni kwamba kazi ile haikuwa ya mkoloni peke yake. Jibu lenyewe lipo katika mashamba ya mkonge yanayoizunguka reli hiyo. Mwaka 1893, mwaka uleule ujenzi ulipoanza, Dk. Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge nchini. Iliyopona ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ikifikia takribani tani 230,000 mwaka 1964. Waliokata mkonge huo walikuwa manamba, watu waliotoka Songea, Kigoma, Urundi na kwingineko, wengi wao wakiandikishwa na SILABU, ofisi ya wafanyakazi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944. Walikuja kwa mkataba, wakaishi kambini, na baadhi hawakurudi kwao. Wajukuu wao ndio wakazi wa Korogwe na Muheza wa leo. Katani waliyoikata ilishuka kwa reli hiyo hadi bandari ya Tanga. Ukiing'oa reli yote, manamba hawabakiwi na kumbukumbu yoyote ya umma, kwa sababu hakuna mtu aliyewajengea mnara.

Mkonge ndio ulioibeba reli, na ulipoanguka ukaangusha reli pia. Uzalishaji ulishuka hadi takribani tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mabasi nayo yalikuwa yamekwisha wanyang'anya treni abiria. Huduma zikafa, majani yakaota kati ya mataruma. Mwaka 2019 Shirika la Reli Tanzania lilirejesha treni ya mizigo kati ya Tanga na Moshi, na Desemba mwaka huo treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafika tena Moshi baada ya zaidi ya miongo miwili. Mwaka 2020 ikafika Arusha. Umati uliofurika kwenye stesheni siku zile ulionyesha kuwa watu hawakuwa wameisahau.

Majirani wa kaskazini wametangulia katika njia hii, na uzoefu wao una tamu na chungu. Kenya ilipozindua reli yake ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, treni ya abiria ya reli ya zamani ilisitishwa mwaka huohuo. Stesheni mpya ya Mombasa ikajengwa Miritini, mbali na kisiwa, na miji midogo iliyozaliwa na reli ya kale ikajikuta haina treni. Lakini baadaye serikali hiyohiyo iligundua kuwa reli ya mita moja bado ina kazi: mwishoni mwa mwaka 2020 ikairejesha treni ya Nanyuki, na mwaka uliofuata ile ya Kisumu. Kufufua kulihitaji fedha ambazo zisingetumika kama matunzo yasingekatizwa.

Kenya pia ina Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo mna vichwa vikubwa vya treni za mvuke vilivyoundwa Manchester miaka ya 1950 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki, kila kimoja kikipewa jina la mlima wa kanda hii. Kimojawapo kinaitwa Mount Shengena. Shengena ni mlima wa Upare, katika Wilaya ya Same, unaotazama Reli ya Tanga. Mtoto wa Same anayetaka kuona treni yenye jina la mlima wa kwao anahitaji kuvuka mpaka.

Lakini mfano ulio karibu zaidi haupo Nairobi wala Ulaya. Upo Wilaya ya Muheza. Wajerumani walijenga reli nyembamba ya kilomita zipatazo 23 kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya Amani, na Waingereza wakaing'oa miaka ya 1920. Kilichosalia kilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilipoanzishwa mwaka 1997, nyumba hiyo haikugeuzwa gofu la kutazamwa kwa mbali, wala haikubomolewa. Ilikarabatiwa ikawa kituo cha habari kwa wageni. Kuta ni zilezile, kazi ni mpya, na watu hulala na kula kando yake. Hiyo ndiyo njia ya tatu ambayo mijadala ya "tuhifadhi au tuboreshe" huipita bila kuiona.

India iliitumia njia hiyo kwa upana zaidi. Reli ya Darjeeling ya mwaka 1881, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999, huvutwa na dizeli katika safari za kawaida, na injini za mvuke huachiwa safari fupi za watalii kati ya Darjeeling na Ghum. Mwenye haraka na mwenye kamera kila mmoja hupata treni yake. Kwa Korogwe, jambo linalofanana na hilo halihitaji miujiza: kipande cha Korogwe hadi Mombo kinapita chini ya kuta za Usambara, katika mandhari ambayo watalii wanaokwenda Lushoto huipita wakiwa wamesinzia ndani ya basi.

Ama njia ya nyaya ya Mkumbara, hapo uamuzi ni tofauti. Kuna watakaosema ijengwe upya ibebe watalii. Wakumbuke yaliyotokea mwaka 2019, serikali ilipotangaza nia ya kuweka gari la nyaya Mlima Kilimanjaro, na wapagazi na waongoza watalii wakapinga kwa kuhofia mkate wao. Usambara haina wapagazi wengi kama Machame, lakini ina misitu isiyopatikana kwingine duniani, na nguzo mpya haziwezi kusimikwa bila kukata miti. Pale panatosha kibao, ramani na kijana wa Mkumbara anayelipwa kusimulia.

Linalobanwa na muda ni orodha. Njia halisi ya reli mpya haijachimbwa, hivyo bado kuna nafasi ya kupita stesheni moja baada ya nyingine kutoka Tanga hadi Mombo na kuandika kipi ni cha mwaka gani, kipi kinahitaji tangazo la waziri, na kipi ni banda la juzi lisilostahili machozi. Mkandarasi akishafika, kila kipande cha chuma kitahesabiwa kwa kilo.