Hiari ya Nani Katika Kustaafu?

Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu, aliyekuwa karani katika kampuni moja jijini Nairobi, alinijia na barua ya mwajiri wake. Alikuwa akiahidiwa kitita cha fedha iwapo angekubali kustaafu mapema kwa hiari. Kiingereza cha wanasheria kilimtatiza, akaniomba nimfasirie. Nikamfasiria neno kwa neno. Naye akatia sahihi. Leo anachonga vinyago vya mawe ya sabuni kwetu Tabaka, na fedha zile zilikwisha zamani. Aliniambia kwa upole, "Mwalimu, maneno uliyafasiri sawasawa. Lakini hukuniuliza iwapo nilitaka kuondoka."

Msomaji mpenzi, lawama hiyo naistahili. Kitenzi "kustaafu" kimetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuomba kuachiliwa. Anayestaafu ndiye mtenda. Tukiongeza viambishi tukasema "kustaafishwa", mtenda huwa mwingine, na mfanyakazi hugeuka mtendwa. Nalo neno "hiari" halina maana pasipo njia mbili za kuchagua.

Historia yetu yaonyesha jinsi njia ya pili inavyoweza kufungwa. Katika mageuzi ya utumishi wa umma yaliyoanza mwaka 1993, serikali ya Kenya iliwapa watumishi wa vyeo vya chini malipo ili wastaafu mapema kwa hiari. Ilipofika mwaka 2000, maelfu walipunguzwa bila kuulizwa hiari yao. Mnamo 2012 shirika la ndege la Kenya Airways nalo lilianza kwa kuwaalika wafanyakazi wastaafu kwa hiari, kisha likawaachisha kazi wengine 447. Mahakama ya Viwanda iliamuru warudishwe. Mahakama ya Rufaa ikaitangua amri hiyo mwaka 2014.

Sisemi kwamba waajiri hawana haki ya kupunguza gharama. Shirika lililofilisika halimlipi yeyote mshahara. Aidha, wapo walioondoka kwa ridhaa wakafanikiwa. Ninalodai ni kwamba neno lilingane na tendo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe ilani ya mwezi mmoja, na alipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Basi aletewaye barua ya hiari na aulize: nikikataa, itakuwaje? Nikikubali, nitapata zaidi ya kile ambacho sheria ingenipa hata hivyo?

Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kuuliza maswali haya, wala tusikomee kwenye fasiri. Binamu yangu alinionyesha kiboko aliyevunjika sikio mikononi mwake. Kipande kikishabanduka, alisema, hakirudi tena. Hata sahihi ni vivyo hivyo.