ZIPU IKIKATAA, TAZAMA KICHWA KWANZA



Kikundi cha kushona kinaweza kukata kitambaa vizuri, kikanyoosha pindo, na bado kikagombana na mteja kwa sababu ya zipu. Mwezi mmoja baada ya kuchukua sketi ya shule, mama wa mtoto anarudi nayo mkononi: "Fundi, zipu yenu imekufa." Basi kikundi kinanunua zipu nyingine, kinafumua na kushona upya bila malipo. Faida ya sketi ile imekwisha hapo.

Lakini mara nyingi zipu yenyewe haijafa. Kilichochoka ni kichwa chake tu. Anayejua zipu inavyofanya kazi ataitengeneza kwa dakika chache.

ZIPU INA SEHEMU GANI?

Mkikutana, leteni zipu kuukuu mpitishiane mkononi. Mtaona sehemu nne:

(a) Tepe mbili za kitambaa. Hizi ndizo tunazoshonea kwenye nguo.
(b) Meno, yaliyoshikizwa kwenye ukingo wa kila tepe.
(c) Kichwa, yaani kile kinachopanda na kushuka, pamoja na kishikio chake.
(d) Vizuizi, juu na chini, vinavyozuia kichwa kisitoke.

Sasa tazameni jino moja la zipu ya chuma kwa makini. Upande mmoja lina kinundu, upande wa pili lina kishimo. Kinundu cha jino moja huingia katika kishimo cha jino linalofuata, kama sufuria zinavyopangwa moja ndani ya nyingine. Meno ya kushoto na ya kulia hayakabiliani uso kwa uso, bali yanapishana.

Ndani ya kichwa kuna njia mbili zinazokutana na kuwa moja, na katikati yake kuna kabari. Kichwa kikipanda, kuta zake huyasukuma meno yaingiane moja baada ya jingine. Kikishuka, kabari huyatenganisha. Meno yakishaingiana hayawezi kutoka kwa kuvutwa kando, maana hakuna nafasi ya kuponyoka. Kwa hiyo kazi ya kufunga hasa ni ya kichwa.

Zipu ya nailoni haina jino moja moja. Meno yake ni uzi mnene wa nailoni uliozungushwa kama springi. Lakini kichwa chake hufanya kazi ile ile.

ILITOKA WAPI?

Mwaka 1893 Mmarekani Whitcomb Judson alipata hati ya uvumbuzi wa kifaa cha kufungia viatu kwa kutumia kulabu. Shida yake ilikuwa kwamba kulabu zilifunguka zenyewe. Gideon Sundback, mhandisi aliyezaliwa Sweden na kufanya kazi Marekani, aliacha kulabu. Mwaka 1913 alibuni meno madogo yanayofanana, yaliyopangwa karibu karibu, na mwaka 1917 akapewa hati yake. Jina lenyewe lilienea baada ya 1923, kampuni ya B.F. Goodrich ilipolitumia kuuzia viatu vya mpira. Mnaona kwamba tangu mwanzo shida ilikuwa ile ile ya wateja wetu: zipu kujifungua.

UGONJWA NI UPI?

Kabla ya kushika wembe na kufumua, pimeni kwanza:

1. Zipu inaachana nyuma ya kichwa mahali popote: kichwa kimelegea. Kuta zake zimepanuka na hazibani meno tena.
2. Inaachana mahali pamoja tu kila mara: kuna jino lililopinda au kung'oka.
3. Kichwa hakisogei: kuna uzi au kitambaa kilichonaswa, au kutu na uchafu.
4. Kichwa kimetoka kabisa: kizuizi kimeng'oka.

Ugonjwa wa kwanza unatibiwa kwa koleo ndogo, ile wengi huita plaisi. Shusheni kichwa mpaka chini. Bana kidogo upande wa kushoto, kisha wa kulia, pale meno yanapotokea yakiwa yamefungwa. Jaribu. Kama bado, bana tena kidogo. Usitumie nguvu nyingi, maana kichwa kikipasuka hakirudi. Kikibanwa kupita kiasi nacho hakitapanda.

Kama kichwa kimelika sana, wekeni kingine cha aina ile ile na namba ile ile. Namba mara nyingi imepigwa mgongoni mwa kichwa. Namba 3 ni ya nguo nyepesi, namba 5 ni kubwa zaidi, nayo huonekana sana kwenye jaketi na mifuko. Kwa hiyo msitupe zipu za nguo zilizochakaa. Toeni vichwa, mviweke ndani ya mkebe. Kizuizi kilichong'oka mnaweza kukibadilisha kwa kushona uzi mara kadhaa juu ya meno, mahali pale pale.

Zipu iliyokwama ipakeni nta ya mshumaa au sabuni kavu kwenye meno, au msugue kwa penseli. Iliyong'oka meno ya katikati, hiyo kweli ibadilishwe.

KUSHONA ZIPU MPYA KWENYE SKETI

1. Kama kitambaa ni cha pamba, kilowekeni na kukikausha kabla ya kukata. Kikirudi baada ya zipu kushonwa, zipu itajikunja kama nyoka.
2. Acheni sentimita 2 hivi za mshono pande zote mbili.
3. Shoneni mshono wa chini, mwishie pale zipu itakapoishia, na mrudishe cherehani nyuma kidogo kukaza.
4. Sehemu ya zipu ifungeni kwa bandi. Pigeni pasi mshono ukiwa wazi.
5. Lazeni zipu kifudifudi, meno yakiwa juu ya mstari wa mshono. Pigeni bandi pande zote mbili.
6. Shoneni kwa mguu mwembamba wa cherehani, ule wa zipu. Pande zote mbili anzieni chini kwenda juu, kitambaa kisivutike.
7. Fumueni bandi. Fungeni na kufungua zipu mara kumi kabla mteja hajaja.

Pasi ya moto sana isiguse zipu ya nailoni, itayeyuka. Tena msishone karibu mno na meno, maana kichwa kitakula kitambaa kila kikipita.

MWAMBIENI MTEJA

Nguo ifuliwe zipu ikiwa imefungwa. Mtoto asivute zipu ya sketi iliyombana. Afunge kwanza kifungo cha kiunoni. Na zipu ikianza kuachana kidogo, ailete mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kurekebisha kichwa ni kazi, hivyo ilipiwe. Lakini bei iwe chini ya bei ya zipu mpya, na mteja aelezwe kilichofanyika. Mteja aliyeambiwa ukweli, kwamba hahitaji zipu mpya, atarudi na nguo nyingine.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mwezi uliopita tulibadilisha zipu ngapi? Ngapi kati ya hizo zilikuwa na ugonjwa wa kichwa tu?
2. Tulitumia pesa ngapi kununua zipu hizo?
3. Nani atatunza mkebe wa vichwa, na nani atawafundisha wanachama wapya kutumia koleo?
4. Tutatoza bei gani kwa kurekebisha, na tutaiandika wapi ili kila mteja aione?